Ulichogawiwa, Gawa Vilevile: Masharti ya Ramani Huria

HATI YA KIPINDI

Sauti: Mtangazaji 1 (dada) na Mtangazaji 2 (kaka).
Hati hii imechapwa kwa ajili ya vikundi vya wasikilizaji. Anayesoma kwa sauti asimame kidogo baada ya kila sehemu ili watu waulize.

[MUZIKI WA KUFUNGULIA. Shusha polepole chini ya sauti.]

MTANGAZAJI 1: Iwe uko kwenye foleni ya maji, uko shambani, au umekaa mlangoni unachambua maharagwe, karibu. Leo tunazungumzia ramani. Si ile ya shuleni iliyotundikwa ukutani, bali ile iliyomo ndani ya simu.

MTANGAZAJI 2: Tunaizungumzia kwa sababu vijana wengi kambini huitwa kufanya kazi ya ramani. Wanapewa simu, wanazunguka bloki kwa bloki wakiweka alama: hapa bomba, hapa zahanati, hapa njia hukatika mvua ikinyesha. Kazi ikiisha simu zinarudishwa, watu wanarudi nyumbani. Kinachobaki ni swali: ile ramani sasa ni ya nani? Nani ana ruhusa ya kuitumia, na kwa masharti gani?

MTANGAZAJI 1: Jibu liko kwenye kitu kinaitwa leseni. Leseni ni maandishi yanayosema unaruhusiwa nini na unadaiwa nini. Watu wengi wakisikia ramani ni ya bure wanadhani haina mwenyewe na haina deni. Si hivyo. Ina deni, ila hulilipi kwa pesa. Leo tutaeleza unalilipa kwa nini.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA KWANZA: RAMANI HURIA NI NINI

MTANGAZAJI 2: Dada, tuanze na jina. Ramani huria ni ramani gani?

MTANGAZAJI 1: Ni ramani inayotengenezwa na watu wengi, na data yake iko wazi kwa wote. Iliyo kubwa kuliko zote inaitwa OpenStreetMap. Ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast. Wakati huo data ya ramani ya shirika la serikali kule iliuzwa ghali na kufungwa kwa masharti makali. Wazo lake lilikuwa rahisi: mtu anayeijua njia ya mtaani kwake aichore mwenyewe, na kila mtu aitumie.

MTANGAZAJI 2: Kama Wikipedia, lakini ya ramani.

MTANGAZAJI 1: Ndiyo hivyo. Afrika Mashariki wazo hilo lilishika mapema. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao kupitia mradi wa Map Kibera, wakati ambapo kwenye ramani nyingi Kibera ilionekana kama eneo tupu. Mwaka 2010, baada ya tetemeko la ardhi la Haiti, lilisajiliwa shirika la Humanitarian OpenStreetMap Team linalochora ramani kwa ajili ya kazi za misaada. Na Julai 2017 wachoraji wa ramani kutoka nchi nyingi za Afrika walikutana hapa Uganda, jijini Kampala, kwenye mkutano wa State of the Map Africa.

MTANGAZAJI 2: Na mtu wa kawaida anaitumiaje?

MTANGAZAJI 1: Programu kama OsmAnd na Organic Maps zinatumia data hiyo. Ukishaipakua mara moja, unaona njia hata bila bando. Kwa mtu anayesafiri kwenda mji asioujua, hilo si jambo dogo.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA PILI: JINJA NA MBALE

MTANGAZAJI 2: Sasa twende mashariki ya Uganda, kwenye miji ambayo baadhi yenu mmepita kwa basi: Jinja na Mbale. Kwa nini miji hii? Kwa sababu inaonyesha wazi jinsi ramani inavyozeeka haraka, na jinsi uzee wake unavyoweza kuumiza watu.

Anza na Jinja. Kwa miaka mingi magari yalivuka Nile juu ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Tarehe 17 Oktoba 2018 likafunguliwa daraja jipya la nyaya. Siku hiyo, kila ramani iliyochorwa jana yake ikawa na kosa. Kisha tarehe 1 Julai 2020 Jinja na Mbale zikapandishwa kuwa majiji, na mipaka ikabadilika. Kwenye ramani huria, anayeishi pale hahitaji kungoja ofisi. Anafungua, anarekebisha, na mwingine anafaidika.

MTANGAZAJI 1: Mbale ndiko jambo lenyewe linakuwa zito. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mvua kubwa ilinyesha, mto Nabuyonga na mito mingine ikafurika, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Na juu kidogo ya Mbale, kwenye miteremko ya mlima Elgon, tarehe 1 Machi 2010 maporomoko ya udongo yalifunika vijiji huko Bududa. Zaidi ya watu 300 walikufa au hawakuonekana tena. Baadhi ya walionusurika walihamishiwa Kiryandongo, na wakimbizi mnaoishi Kiryandongo mnawajua. Ni majirani zenu.

MTANGAZAJI 2: Siku kama hizo swali ni moja tu: njia ipi inapitika? Kivuko kipi bado kimesimama? Nyumba zipi ziko karibu na ukingo? Anayelijua jibu ni mkazi. Ndiyo maana ramani ya mkazi ina thamani.

MTANGAZAJI 1: Tuchukue mfano. Huu ni mfano wa kufundishia tu, si habari iliyotokea. Kikundi cha vijana wa Namatala, Mbale, wanapakua data ya mtaa wao kutoka OpenStreetMap. Mvua ikikatika wanatembea. Wanaongeza vivuko vya miguu 40 ambavyo havikuwepo, wanafuta viwili vilivyochukuliwa na maji, wanasahihisha majina ya njia. Kisha wanachapa ramani na kuibandika sokoni.

Baadaye anakuja mtu mwenye pesa. Anaichukua data yao, anaongeza vyake vichache, anaiweka ndani ya programu ya simu yenye nenosiri. Anayetaka kuona anajiandikisha na kulipa kila mwezi. Mvua inanyesha tena. Kijana aliyeviandika vile vivuko kwa miguu yake mwenyewe anatakiwa alipe ili ajue kipi kimesimama.

MTANGAZAJI 2: Hiyo ni dhuluma, dada.

MTANGAZAJI 1: Ni dhuluma, na leseni imeandikwa ili kuizuia.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA TATU: MASHARTI MAWILI

MTANGAZAJI 1: Tangu tarehe 12 Septemba 2012, data ya OpenStreetMap iko chini ya leseni inayoitwa Open Database License, au kwa kifupi ODbL. Kabla ya hapo ilitumika leseni ya Creative Commons, iliyofaa zaidi maandishi na picha. Data ya ramani ni orodha kubwa ya vitu na mahali vilipo, kwa hiyo ikatafutwa leseni iliyotungwa kwa ajili ya orodha za namna hiyo.

MTANGAZAJI 2: Inaruhusu nini?

MTANGAZAJI 1: Inaruhusu mengi. Unaweza kunakili, kubadilisha, kuchapa, kugawa, hata kuuza. Huombi kibali wala hulipi. Ila yapo masharti mawili makubwa.

Sharti la kwanza: taja chanzo. Ramani yako iseme kwamba data ni ya OpenStreetMap. Kwenye karatasi au bango andika hivi: Data ya ramani © OpenStreetMap, na chini yake anwani openstreetmap.org/copyright, ili msomaji aweze kuona masharti. Ni mstari mmoja tu. Usiufiche nyuma ya karatasi.

Sharti la pili ndilo kiini cha kipindi chetu: gawa kama ulivyogawiwa. Ukiichukua data, ukaibadilisha au kuiongezea, kisha ukaitoa kwa watu wa nje, basi data hiyo uliyoiboresha nayo inakuwa chini ya leseni ileile. Atakayeipokea awe na uhuru uleule uliokuwa nao wewe. Huwezi kupokea mlango ukiwa wazi kisha ukaufunga nyuma yako.

MTANGAZAJI 2: Na yule mwenye programu ya nenosiri?

MTANGAZAJI 1: Anaruhusiwa kuiuza programu yake. Lakini data ya vivuko pamoja na alivyoviongeza anatakiwa kuitoa kwa leseni ileile. Akiifunga kwa nenosiri katika nakala anayouza, lazima iwepo nakala nyingine isiyofungwa, ambayo watu wanaweza kuipata. Asipofanya hivyo amevunja leseni, na ruhusa yake ya kutumia data inakoma mpaka arekebishe.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA NNE: SAHANI NA SUFURIA

MTANGAZAJI 2: Hapa ndipo wengi wanachanganyikiwa. Mtu anauliza: mimi nina orodha yangu ya zahanati, nimeiweka juu ya ramani yenu. Je, orodha yangu nayo imekuwa mali ya wote?

MTANGAZAJI 1: Fikiria mahindi na maharagwe. Ukiyapika kila kitu sufuria yake, kisha ukayaweka kwenye sahani moja, mahindi huku na maharagwe kule, unaweza bado kuyatenga. Lakini ukiyapika pamoja sufuria moja mpaka yakaiva, hicho ni chakula kimoja.

Data ni hivyohivyo. Ukichukua barabara kutoka OpenStreetMap, na juu yake ukaweka zahanati za orodha yako mwenyewe, orodha ambayo hukuitengeneza kutokana na OpenStreetMap, hiyo ni sahani moja yenye vyakula viwili. Barabara zinabaki chini ya leseni yake. Orodha ya zahanati inabaki yako, na uamuzi ni wako.

Lakini ukichukua mabomba yaliyomo OpenStreetMap, ukaona mengine hayamo, ukaongeza yako ili orodha ya mabomba ya eneo lile ikamilike, hapo umepika sufuria moja. Orodha nzima ya mabomba, ya kwao na ya kwako, ikitoka nje inatoka kwa leseni ya ODbL.

MTANGAZAJI 2: Kwa hiyo kikundi kiamue mapema: tunapakua kwenye sahani, au tunapika?

MTANGAZAJI 1: Umesema vizuri, kaka. Ukishapika, kuitenga tena ni kazi ngumu. Na weka kumbukumbu: data hii tuliitoa wapi, tarehe ngapi, tuliongeza nini. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA TANO: MASWALI NA MAJIBU

MTANGAZAJI 2: Sasa nitauliza kwa niaba ya wasikilizaji. Swali la kwanza: tukitumia data iliyoboreshwa ndani ya kikundi chetu tu, tunalazimika kuitoa?

MTANGAZAJI 1: Hapana. Sharti la kugawa linaanza pale unapoitoa kwa umma. Kamati ya maji ikiitumia kupanga zamu za usafi wa visima, hakuna anayeidai. Lakini angalia: kuipa taasisi nyingine isiyo chini yenu kunahesabiwa kuwa ni kuitoa nje.

MTANGAZAJI 2: La pili: tukichapa ramani ya karatasi na kuiuza?

MTANGAZAJI 1: Uzeni. Karatasi au picha ni kazi iliyotengenezwa kutokana na data, na mnaweza kuiwekea masharti yenu wenyewe. Chanzo kitajwe. Na kama nyuma ya karatasi hiyo kuna data mliyoibadilisha, anayeipata karatasi ana haki ya kupewa data hiyo, au walau faili linaloonyesha mlichobadilisha. Mkiitoa kwa intaneti iwe bure. Mkimpa kwenye flashi, mnaweza kudai gharama ya kuiandaa tu, si zaidi.

MTANGAZAJI 2: La tatu: lazima tuipakie kwenye OpenStreetMap yenyewe?

MTANGAZAJI 1: Leseni hailazimishi hivyo. Inataka uitoe kwa masharti yaleyale, mahali popote. Lakini mara nyingi kuipakia OpenStreetMap ndiyo njia rahisi, na wenzako wanaipata mahali wanapopajua.

MTANGAZAJI 2: La nne: tukichukua vitu vichache tu?

MTANGAZAJI 1: Wakfu wa OpenStreetMap umetoa mwongozo: ukichukua vitu pungufu ya 100, na hurudii kuchukua kidogokidogo ili kukwepa, hicho ni kiasi kidogo ambacho hakikufungi kwa masharti haya. Hata hivyo kutaja chanzo ni adabu njema.

MTANGAZAJI 2: La tano linauma kidogo. Kampuni kubwa inaweza kutumia ramani tuliyoichora sisi wakimbizi, ikapata pesa, na isitulipe?

MTANGAZAJI 1: Inaweza. Ni vizuri kila mtu alijue hilo kabla ya kuanza. Leseni haikuahidi malipo. Wala jina la kikundi chako halitaandikwa kwenye kila ramani. Wachangiaji wote hutajwa kwa pamoja. Inachokuahidi ni kwamba data uliyoichora, na maboresho yake yanayotolewa kwa watu, hayatafungiwa mbali nawe. Kama unataka malipo ya siku za kutembea, hayo ni mapatano kati yako na aliyekuita kazini. Yazungumze kabla hujapokea simu.

MTANGAZAJI 2: La mwisho: tunaweza kunakili majina na njia kutoka Google Maps tukaziingiza OpenStreetMap?

MTANGAZAJI 1: Hapana. Ile ina mwenyewe na masharti yake hayaruhusu. Kinachoingizwa kiwe ulichokiona kwa macho yako, au kitu ambacho mwenyewe ameruhusu.

Hapo turudi Jinja na Mbale kidogo. Kuanzia mwaka 2010, katika mpango ulioungwa mkono na Cities Alliance kwenye miji mitano, Arua, Jinja, Kabale, Mbale na Mbarara, wakazi wa mitaa ya watu wa kipato kidogo walihesabu wenyewe nyumba na huduma za mitaa yao. Walifanya hivyo kupitia shirikisho lao, National Slum Dwellers Federation of Uganda, wakishirikiana na ACTogether Uganda. Takwimu kama zile ni jasho la wakazi. Kwamba zipo, na kwamba zinafaa, hakumpi mtu ruhusa ya kuzimimina kwenye ramani huria. Waliozikusanya wanaulizwa kwanza. Anayeijenga ramani huria ndiye anapaswa kuwa wa mbele kuheshimu haki ya mwenzake.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA SITA: KISICHOINGIA KWENYE RAMANI

MTANGAZAJI 2: Dada, wengi wetu tulikimbia watu waliokuwa wanatutafuta. Mambo haya ya uwazi hayatuweki hatarini?

MTANGAZAJI 1: Yanaweza, tusipokuwa waangalifu. Sikilizeni vizuri. Bomba la maji, shule, soko, njia, hivyo ni vya wote. Jina la mwenye nyumba si la wote. Ugonjwa wa mtu si wa wote. Nyumba wanakofichwa akina mama na watoto waliopigwa au kutishiwa haiingii kwenye ramani kabisa, hata kwa jina lingine.

Na kumbukeni kilichoingizwa OpenStreetMap hakifutiki kirahisi. Ukikiondoa leo, historia ya marekebisho inabaki, na jina la akaunti yako linaonekana pamoja nayo. Kwa hiyo, kama una sababu ya kujificha, usitumie jina lako kamili kufungua akaunti.

MTANGAZAJI 2: Je, mtu anaweza kusema, leseni inasema mgawe, basi leteni orodha ya majina ya kaya?

MTANGAZAJI 1: Akisema hivyo mwambieni asome vizuri. Kwanza, orodha ya kaya mnayoitumia ndani hamjaitoa kwa umma, kwa hiyo haidaiwi. Pili, orodha iliyowekwa kando, isiyochanganywa na data ya ramani, haifungwi na sharti la kugawa. Tatu, leseni haifuti haki ya mtu ya faragha, na Uganda ina sheria ya mwaka 2019 ya kulinda taarifa binafsi, ambayo inamlinda hata mkimbizi. Lakini kinga nzuri kuliko zote ni ileile ya sahani na sufuria: msipike majina ya watu pamoja na ramani tangu mwanzo.

[MUZIKI MFUPI]

SEHEMU YA SABA: KABLA YA KUPOKEA SIMU

MTANGAZAJI 2: Kwa kumalizia, haya ndiyo maswali ya kumuuliza yeyote anayekuja kuwaita kwenye kazi ya ramani. Yabandikeni ofisini kwa kikundi.

Moja: data tutakayokusanya inaenda wapi, OpenStreetMap au kwenye hifadhi yenu?
Mbili: itakuwa chini ya leseni gani? Tuonyesheni maandishi.
Tatu: sisi tutapata nakala lini, na kwa njia gani?
Nne: nani atarekebisha ramani mvua ikibadilisha njia, na sisi tutaruhusiwa?
Tano: ni vitu gani tumekubaliana kutoviingiza, na nani atakagua?
Sita: siku zetu za kazi zinalipwaje?

MTANGAZAJI 1: Asiyeweza kujibu swali la pili hajajiandaa. Mwambieni kwa heshima arudi akiwa na jibu.

Na sisi tukiwa ndio watumiaji, tujiulize vilevile. Tumetaja chanzo? Tulichokiongeza tumekitoa kwa masharti tuliyopewa? Maana hatuwezi kulalamika kwamba wakubwa wanafunga milango, huku na sisi tumeifunga midogo ya kwetu.

MTANGAZAJI 2: Kwa vikundi vya wasikilizaji, jadilini haya: Katika bloki yenu, ni vitu gani vitatu mngependa kila mtu avione kwenye ramani? Na ni vitu gani vitatu ambavyo kamwe visionekane? Andikeni majibu na mtuletee hapa studio. Tutayasoma kipindi kijacho, bila majina.

MTANGAZAJI 1: Mvua ni za msimu, chungeni watoto karibu na mitaro. Kwaherini.

[MUZIKI WA KUFUNGIA. Panda, kisha malizia.]